Mstari wa Jumanne

"Torit imenyesha, lakini si ya kujaza kitu," Jethro alirudia kwa sauti, simu akiwa ameibana kati ya sikio na bega, mkono wa kulia ukiandika ubaoni kwa chaki. "Ilianza lini? Jioni. Na upepo ulitokea wapi? Hapana, dada, usiniambie ulikuwa mkali. Niambie ulitokea wapi."

Akasikiliza. Akachora mshale mdogo kando ya neno Jumatatu, ncha yake ikielekea magharibi, akaufuta kwa kidole gumba, akauchora tena, mfupi kidogo.

Ilikuwa Jumapili alasiri, Agosti ikikaribia kwisha, na ofisi ya redio hapo Hai Cinema, mjini Juba, ilikuwa na joto la chumba kilichoezekwa mabati bila dari. Ubao ulikuwa na mistari saba, mmoja kwa kila siku ya wiki inayokuja. Kila Jumapili kabla ya saa ya matangazo ya Kiswahili Jethro aliijaza mistari hiyo, kisha akaingia studioni, chumba kidogo kilichopigiliwa trei za mayai ukutani ili kelele za nje zisisikike hewani, na kuwasomea watu wake: Wakenya wa benki na wa mahoteli ya mahema kando ya mto, Waganda wa sokoni na wa bodaboda, fundi, yaya, mpishi, kila aliyehitaji kujua kama wiki ni ya kuanika au ya kuanua.

Walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha mtu. Alikuja Juba kutoka Kitale, mwaka mmoja baada ya amani kutiwa saini, kutengeneza mashine za kunakilisha karatasi. Alipoitwa kutengeneza ya redio, wakagundua Kiswahili chake kinasikika vizuri, wakambakisha. Mambo ya mawingu alijifunza mwenyewe, katika kitabu cha jiografia kisicho na jalada alichokiokota kwenye rundo la vitabu vikuukuu katika soko la Konyo Konyo.

Kompyuta ya ofisi nayo ilikuwa na utabiri wake. Mtandao ulipokubali, ilionyesha picha ya wingu lenye jua nyuma yake na radi chini yake, Jumatatu hadi Jumapili, picha ileile kila siku. Haikuwa ya uongo. Mwezi wa nane Juba hupata jua, wingu na radi karibu kila siku. Lakini mama anayetaka kujua siku ya kufua mablanketi hawezi kufanya lolote na picha hiyo. Ndipo Jethro alipoanza kupiga simu.

Alipiga Torit, kwa sababu mvua kubwa za Juba hutokea mashariki. Alipiga Yei. Alipiga Nimule, mpakani. Na polepole akajifunza kwamba ni wachache sana wanaosimulia mvua bila sababu yao. Mwenye duka aliyebaki na sukari nyingi alisema barabara imeharibika, ili wengine wasilete. Dereva aliyekuwa akitafuta abiria alisema ni kavu kama sahani. Jethro hakuwalaumu. Alilichukua kila neno na kulipunguza kidogo, kama mtu mwenye saa ambayo anajua hukimbia.

Agum peke yake ndiye ambaye hakusimulia chochote. Aliuza chai kando ya Khor Ardeb, kijito kinachokatiza barabara ya Nimule, ambacho wakati wa ukame ni mchanga mtupu na wakati wa mvua humeza magurudumu. Agum alijua Kiarabu cha Juba tu, na Jethro alijua maneno machache tu ya kununulia nyama. Kwa hiyo siku ya kwanza alipomuuliza kwa simu maji yako vipi, Agum alisema, "Isma," yaani sikiliza, akasimama juu ya kichuguu kilichokuwa ukingoni, mahali pekee hapo palipokuwa na mtandao, akaunyoosha mkono wenye simu juu ya maji.

Maji machache huongea. Yakipita katikati ya mawe hutoa kelele za kila namna, kama watoto wakitoka shule. Yakijaa, mawe huzama na kelele hufa, ukabaki mvumo mmoja mzito. Jethro alijifunza kuyasikia hayo kwa subira, na baada ya misimu miwili ya mvua hakukuwa na habari aliyoiamini kuliko ile isiyo na maneno.

Jumapili hii simu ya Agum ilikuwa imezimwa. Alijaribu asubuhi, akajaribu baada ya ibada, akajaribu tena sasa. Imezimwa.

Aliyekuwa naye ni Gaetano. Gaetano alikuwa Mwacholi wa Gulu, Uganda, aliyeleta vitunguu Juba kwa lori dogo la buluu, na kwa kawaida alipita redioni kusalimia na kunywa maji ya baridi. Mchana huo alikuwa amesimama mlangoni, bila kuingia.

"Khor imejaa, Mwalimu," alisema. "Maji iko hadi hapa." Akaweka ubapa wa mkono kiunoni.

"Uliyaona lini?"

"Nikija. Na juu huko ilikuwa bado inanyesha. Andika tu, hii siku mbili hakuna gari."

Khor Ardeb haikuwa na njia ya pembeni. Kulia na kushoto mwa barabara yalipangwa mawe yaliyopakwa rangi nyekundu, na nyuma ya mawe hayo mabomu ya vita yalikuwa bado ardhini. Gari likikuta maji yamejaa halizunguki. Linasubiri.

Jethro aliutazama mkono wa Gaetano pale kiunoni, akaupunguza kidogo moyoni kama alivyozoea, na hata hivyo ulibaki juu. Akaandika. Jua lilipokaribia kuzama alisoma hewani, kwa sauti yake ya chini isiyo na haraka: "Jumatatu na Jumanne, barabara ya Nimule huenda ikawa imekatika Khor Ardeb. Wasafiri wasubiri Jumatano."

Lile "huenda" alilisema wazi. Lakini kwa watu wa saa ya Kiswahili neno hilo lilishakuwa kama kikohozi chake, hakuna aliyelisikia. Walisikia: Jethro amesema imekatika.

*

Jumatatu asubuhi Namukasa alikuja redioni. Jethro alimjua. Alikuwa na meza ya nguo za watoto Konyo Konyo, na mume wake, Okumu, Mkenya wa Busia, ndiye aliyechomelea nusu ya matanki ya maji yaliyosimama juu ya mapaa ya mtaa wa Atlabara. Okumu alishikwa na homa katikati ya wiki, na Ijumaa usiku akafariki. Jethro alikuwa amekwenda kutoa pole Jumamosi, lakini watu walikuwa wengi na hakupata kusema naye.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, Mama Wandera. Karibu ukae."

Hakukaa. Alikuwa amejifunga kanga kichwani kwa kukaza, na alizungumza kama mtu aliyetumwa dukani na anayeogopa kusahau.

"Nimekuja na tangazo. Watu ya kanisa walisema nilete kwako ndio wote wasikie. Sema Okumu wa matanki, wa Atlabara, atazikwa kesho hapa Juba."

Chaki ilikuwa mkononi mwa Jethro, maana hata siku za kazi alipenda kuishika. Akaiweka.

"Hapa Juba?"

"Sasa tutafanya nini? Wewe ndiye ulisema barabara imekatika. Yeye hawezi kungoja Jumatano. Barafu kila tukiweka inakuwa maji." Akaikaza tena kanga kichwani. "Kule Busia walishachimba. Karibu na baba yake. Mama yake iko anakaa kwa mlango, hataki kuingia ndani. Wamenipigia, nikawaambia barabara. Mmoja akasema, huyo Muganda anataka kutupa mtoto wetu kwa vita."

"Vita imekwisha, Mama Wandera," alisema Fortunato kutoka meza ya pili, kwa upole. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kipindi, mzaliwa wa Juba, mtu mnene mwenye feni yake mwenyewe.

"Waambie wao," Namukasa akajibu. Kisha akamgeukia Jethro. "Alikuwa anakusikiliza kila Jumapili. Hata kama iko juu ya tanki, anashuka. Akisema Jethro amesema Jumatano ni kavu, rangi anapaka Jumatano. Mimi nacheka, nasema huyo Jethro ndiye bibi yako."

Hakuwa akilaumu. Jethro angalitamani alaumu.

"Mwalimu, mimi siko na kesi na wewe. Nauliza tu. Hiyo maji, nani aliona?"

"Dereva mmoja. Gaetano wa vitunguu."

Namukasa alikivuta kiti, lakini hakukaa. Feni ya Fortunato ikazunguka, ikarudi.

"Gaetano ndiye tuliomba Jumamosi atubebee," alisema. "Hakuna gari ingine inarudi Uganda bila mzigo. Akasema ataangalia gari kwanza. Ndio hakurudi."

Jethro hakusema alilolifikiri, kwa sababu hakuwa amemaliza kulifikiri. Yawezekana mtu aliona maji kweli. Yawezekana mtu aliona maji na pia akawa na lake. Alichukua kofia yake kwenye msumari.

"Ngoja na hilo tangazo kidogo, mama. Kaa hapa, Fortunato atakuletea chai."

"Ningoje mpaka lini? Vijana wako na majembe."

"Mpaka nirudi."

"Ya akhi, ndugu yangu," Fortunato akaita, "na matangazo ya asubuhi atasoma nani? Mimi? Na Kiswahili changu hiki?"

"Soma polepole," Jethro akasema, na akatoka.

*

Malori ya mboga yalisimama nyuma ya Konyo Konyo, matope yakiwa yamekaukia magurudumuni kama ukoko wa ugali. Gaetano alikuwa amekaa kwenye ubao wa nyuma wa lori lake, miguu ikining'inia, akila chapati na maharage pamoja na wapakuzi.

"Mwalimu!" aliita. "Umekuja kununua vitunguu ama kuuza mvua?"

Wapakuzi wakacheka.

"Nimekuja kuuliza maji."

"Maji nilishakuambia."

"Niambie tena. Nionyeshe."

Gaetano aliinua mkono, akauweka juu ya paja. "Hadi hapa."

"Jana mkono ulikuwa kiunoni."

"Jana nilikuwa nimesimama."

Wapakuzi wakacheka zaidi, mmoja akapiga ubavu wa lori kwa kofi. Gaetano hakucheka nao. Alikunja kipande cha chapati, akakikunja tena, bila kukila.

"Mama Wandera yuko kwangu," alisema Jethro. "Wanamzika Okumu kesho, hapa hapa."

"Nilimwambia nitaangalia gari."

"Umeliangalia?"

Gaetano alishuka kutoka kwenye ubao, akaenda upande wa kivulini ambako wapakuzi hawasikii, na Jethro akamfuata. Alikaa juu ya gurudumu la akiba lililolazwa chini, akafuta mikono kwenye suruali.

"Gari iko mzima," alisema.

Jethro akasogea karibu.

"Mwaka jana nilibeba mtu. Kijana ya kwetu, alianguka kwa jengo. Tukafika Khor, maji hii." Akaweka mkono shingoni, na safari hii Jethro hakuupunguza. "Nyuma yangu malori imejipanga. Siwezi kurudi. Pembeni ni zile mawe nyekundu. Tukakaa. Mvua ikanyesha, jua ikatoka, mvua ikanyesha, jua ikatoka. Mama yake alikuwa mbele na mimi. Hakulia, Mwalimu. Kama angelia ingekuwa afadhali. Alikuwa ananiuliza tu, 'Mwanangu, maji imeshuka?' Mimi natoka, naangalia, narudi, nasema bado, mama. Anakaa kidogo. 'Mwanangu, maji imeshuka?' Mpaka hata hewa ya ndani ya gari…" Akafuta mikono tena. "Sitaki mtu aniulize tena hiyo swali. Ndio nikaona, kama redio imesema imekatika, hakuna mtu atasema Gaetano alikataa."

Jethro alichuchumaa mbele yake. Wakakaa hivyo, mmoja juu ya gurudumu na mmoja juu ya visigino vyake, mpaka simu ya Jethro ikaita mara moja na kukatika.

Ilikuwa namba ya Agum. Akampigia.

"Ya ustaz!" sauti ya Agum ikaja kutoka mbali, yenye upepo. "Telefon kan mutu!" Simu ilikuwa imekufa, akaeleza kwa maneno mawili matatu kwamba askari hawakuwasha jenereta tangu Ijumaa na hakuwa na mahali pa kuchaji. Hakungoja kuulizwa. "Isma."

Jethro alifumba macho. Soko lilikuwa linapiga kelele pande zote, akaziba sikio la pili. Halafu akayasikia: maji yakichekacheka, yakijikwaa, yakigombana na mawe.

Akampa Gaetano simu. Gaetano alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, midomo wazi.

"Hiyo ni maji kidogo," alisema hatimaye.

"Yanafika wapi?"

Gaetano aliugusa muundi wa mguu wake. Kisha, kwa sauti ndogo, "Na nimekaa."

Wakainuka wote wawili na kutazama mashariki. Ng'ambo ya mto, juu ya mapaa ya mabati, anga lilikuwa jeupe la joto, na chini kabisa, karibu na ardhi, kulikuwa na mstari wa rangi ya risasi ambao mtu asiyeutafuta asingeuona.

"Hiyo ndiyo mvua ya Torit," alisema Jethro. "Upepo unaisukuma huku. Ikienda ilivyokwenda jana, itafika Khor jioni. Mkiondoka sasa, huenda mkavuka kabla yake."

"Huenda." Gaetano akatikisa kichwa. "Unajua watu wanakuigiza na hiyo neno? Huko kwa bodaboda wanakuita Huenda. Sema bila hiyo, Mwalimu. Mara moja tu. Sema, Gaetano, utavuka."

Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Jethro alilihisi mdomoni. Mwanamke alikuwa amekaa ofisini kwake na kikombe cha chai kinachopoa, huko Busia mwingine alikuwa amekaa mlangoni, na kilichohitajika ni kuondoa neno moja.

"Siwezi," alisema. "Nikiliondoa nitakuwa nimekudanganya, na utakaponigundua utakuwa umeshafika majini."

"Na nikikwama?"

"Ukikwama, panda kile kichuguu cha Agum, unipigie. Na Mama Wandera akitaka kukuuliza kama maji yameshuka, usimjibu. Mpe simu aniulize mimi. Kila akitaka kuuliza, aniulize mimi."

Gaetano alimtazama, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuuinua. Halafu akageuka, akapiga mluzi.

"Nyinyi! Wacheni kula. Shusheni hiyo magunia imebaki. Na mtu alete maji, hii gari ioshwe nyuma."

*

Jeneza lilipakiwa mbele ya kanisa dogo la Atlabara, likafunikwa turubai, likafungwa kwa kamba alizozikaza Gaetano mwenyewe, akizijaribu kwa goti. Hakukuwa na muda wa wimbo mrefu. Vijana waliokuwa na majembe wakayaegemeza ukutani, wakasaidia kubeba.

Namukasa alipanda mbele, mfuko wa nguo mapajani. Alimwita Jethro kwa mkono.

"Sasa hivi maji iko namna gani?"

"Kwa sasa ni machache."

"Kwa sasa," akarudia, taratibu, kama mtu anayefunga kitu katika pindo la kanga. Akaangalia mbele. Lori likaondoka, na tope kavu likawa linadondoka magurudumuni vipande vipande kwenye njia ya Atlabara.

Ofisini Jethro alichukua kitambaa chenye unyevu, akafuta mstari wa Jumatatu na mstari wa Jumanne. Fortunato alizungusha kiti.

"Unafuta? Na wiki ndiyo kwanza imeanza? Watu watasema redio haijui inachosema."

"Nilisoma jambo nililoambiwa na mtu mmoja. Sasa nina jingine."

"Hata huyo wa sasa ni mtu mmoja."

"Ni kweli," alisema Jethro, baada ya kufikiri. "Lakini huyu hakusema neno."

Akaandika Jumatatu: asubuhi Khor Ardeb inapitika, jioni mvua kutoka mashariki. Akaingia studioni, akasubiri wimbo uishe, akawaambia watu wake hivyo hivyo, pamoja na kwamba alichosema jana hakikuwa sawa. Alipotoka, Fortunato alikuwa bado anautazama ubao.

"Na Jumanne?"

"Jumanne inategemea ya leo jioni. Bado siijui."

"Ajabu! Utabiri wa wiki wenye siku sita." Fortunato akacheka mpaka kiti kikalia. "Khalas, basi, tutawaambia kesho ni sikukuu, walale."

Mchana ukapita. Jethro alisoma matangazo ya mfuko uliopotea na ya shule inayotafuta mpishi. Alifungua mashine ya kunakilisha iliyokuwa haina tatizo, akaisafisha, akaifunga. Alitoka nje mara kwa mara, na kila alipotoka ule mstari wa mashariki ulikuwa umepanda kidogo, mpaka ukaacha kuwa mstari na kuwa ukuta, na kuku wa majirani wakaanza kuingia chini ya gari bovu lililokuwa uani.

Mvua ilifika Juba jua likiwa bado halijazama. Ilianza na upepo uliobeba mifuko ya plastiki na vumbi, kisha matone makubwa ya hapa na pale, kisha yote kwa pamoja. Mabati yakanguruma. Fortunato alisema kitu, Jethro akaona midomo yake tu ikicheza. Hakuhitaji kukokotoa lolote. Khor ilikuwa kusini na mashariki kidogo. Ikiwa imefika hapa, huko imeshafika.

Simu ikatetemeka juu ya meza mara moja, ikakatika. Agum.

Akampigia, lakini hakusikia ila mabati ya ofisi yake mwenyewe. Aliingia studioni mbio, akavuta mlango uliogongomelewa godoro, akapiga magoti kwenye kona, bega lake likigusa trei za mayai. Ghafla dunia ikawa ndogo na kimya, kama ndani ya mtungi.

"Agum? Gari ya buluu. Imefika? Unaiona?"

"Ana ma shufu, ya ustaz," sauti ikaja kwa vipande. Haoni, mvua ilikuwa imefunika kila kitu kati yake na kivuko. "Isma. Isma bes."

Akasikiliza.

Mawe hayakuwa yanaongea tena. Kulikuwa na mvumo, mzito, mmoja, usio na pumzi, maji yaliyokuwa yanaongezeka. Na ndani ya mvumo huo, kama uzi wa rangi nyingine katika nguo, kulikuwa na injini. Ilikuwa kwenye gia ya kwanza, ikisukumwa, ikilia kwa sauti moja ya juu. Jethro alijua injini iliyokwama inavyolia: hupanda, hupumua, hupanda tena mahali palepale. Hii haikupumua. Alizuia pumzi yake mwenyewe ili asiichanganye na sauti zile.

Halafu injini ikaanza kufifia.

Betri ya Agum, akafikiri. Au ni mtandao. Akaibana simu sikioni mpaka ikamuuma. Lakini maji hayakufifia. Maji yalibaki palepale, kwa uzito uleule. Ni injini tu iliyokuwa inapungua, ikabadilisha gia kama gari lililokwisha kupanda ukingo, ikawa nyembamba, ikawa kama nzi nyuma ya pazia, na hatimaye akabaki na maji peke yake.

"Agum?"

Simu ikakatika.

Alipofungua mlango kelele za mabati zilimwangukia upya. Fortunato alikuwa amesimama, feni yake ikiwa imezima kwa kukosa umeme. Aliinua nyusi. Kisha akasogea karibu, akapaza sauti sikioni mwa Jethro.

"Aywa? Wamevuka?"

Jethro alikwenda ubaoni. Alichukua chaki, akaileta kwenye mstari wa Jumanne mpaka ncha yake ikagusa, ikaacha doa dogo jeupe. Alifikiri ng'ambo ya Khor Ardeb, ambako kulikuwa na barabara nyingine ndefu, madaraja ya chuma, mpaka, usiku. Alifikiri lori moja la buluu, halafu akafikiri kwamba si malori yote yanayopita pale ni ya buluu, na kwamba masikio nayo, kama watu, huwa na sababu zao.

Akaishusha chaki.

"Kesho," alisema, ingawa katika mvua ile hakuna aliyeweza kumsikia.

Aliiweka simu juu ya meza, uso wake juu, mahali ambapo angeuona mwanga wake kama mtu angetaka kuuliza kama maji yameshuka. Akavuta kiti, akakaa karibu nayo. Haikuwaka. Mvua iliendelea kupiga mabati, na ubaoni siku sita zilisimama na maneno yao, na katikati yao mstari wa Jumanne, mweusi, na doa moja dogo la chaki.